Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kumsikiliza mwanasayansi mashuhuri Oxford, kwa wanafunzi wa Lubumbashi

Wanafunzi wa Lubumbashi wanaopata nafasi ya kufika Ulaya, iwe kwa digrii nzima, kwa miezi michache ya utafiti au kwa mkutano wa siku tatu, huuliza karibu maswali yaleyale: nitaingiaje, nitavaa nini, na je, mtu wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anaweza kunyanyua mkono mbele ya mshindi wa Tuzo ya Nobel? Majibu yako hapa chini. Ni kwa ajili yao, na pia kwa wale watakaofuatilia kwa simu wakiwa mitaa ya Katuba au Ruashi hapa mjini. Nimechukua Oxford kuwa mfano kwa sababu desturi zake nyingi huwatisha wageni bure, na kwa sababu baadhi ya kazi kubwa zilizofanyika katika maabara zake zinahusu madini ya Katanga moja kwa moja.

Je, mihadhara hii ni ya wanafunzi wa chuo peke yao?

Mihadhara ya kozi, ile ambayo mwanafunzi anaifuata kwa ajili ya mtihani, ni ya waliosajiliwa. Mgeni haingii bila ruhusa ya mwalimu. Semina za idara ni kitu kingine. Humo watafiti huonyeshana kazi ambayo bado iko jikoni, na mara nyingi mtafiti mgeni hukaribishwa, ila mwandikie kwanza barua pepe fupi yule anayezipanga.

Unaowavuta watu wengi ni mhadhara wa hadhara. Mwanasayansi mwenye jina anazungumza na mji mzima, kwa kawaida jioni, mara nyingi bila malipo, na kinachotakiwa ni kujiandikisha mapema. Taasisi ya Hisabati ya Oxford ina mfululizo wake wa mihadhara ya namna hiyo. Stephen Hawking, aliyezaliwa Oxford mwaka 1942, alizungumza katika mfululizo huo Oktoba 2017, katika mhadhara uliopewa jina la mwenzake Roger Penrose. Alifariki Machi iliyofuata. Upo pia mhadhara wa Romanes, unaotolewa tangu 1892 na watu wa fani mbalimbali, wanasayansi wakiwemo.

Angalia tovuti ya idara ya fani yako, si ukurasa mkuu wa chuo peke yake. Matangazo mazuri hujificha huko.

Nafasi zimekwisha. Nikate tamaa?

Hapana. Kwa kuwa ni bure, wapo wanaojiandikisha na wasitokee. Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri kama ipo, nenda mapema, na uulize mlangoni kwa adabu kama kuna kiti kilichobaki.

Tangazo linasema "Alhamisi, wiki ya 5, Michaelmas". Hiyo ni tarehe gani?

Mwaka wa masomo wa Oxford una mihula mitatu: Michaelmas, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba, Hilary, kuanzia Januari hadi Machi, na Trinity, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Juni. Kila muhula una wiki nane tu za masomo, na wiki hizo huhesabiwa kwa namba. Wiki huanza Jumapili. Ile inayotangulia wiki ya kwanza huitwa wiki ya sifuri, na watu huitaja hivyo bila kucheka. Tovuti ya chuo huonyesha tarehe za kila muhula miaka kadhaa mbele. Zinakili kwenye daftari lako mara moja, kwa sababu matangazo mengi hayatakupa tarehe kamili.

Jambo la kuzingatia unapopanga safari: nje ya wiki hizo nane mihadhara hupungua sana. Anayefika Agosti atakuta majengo mazuri na kumbi nyingi zimefungwa.

Chuo chenyewe kiko wapi hasa?

Kwetu mtu akisema anakwenda Kasapa, dereva wa teksi anajua pa kumpeleka. Oxford haina Kasapa. Ukimwambia mtu "nipeleke chuo kikuu" atakuuliza kipi, kwa sababu chuo kimesambaa mji mzima. Kuna koleji zaidi ya 30, kila moja na majengo yake, maktaba yake, ukumbi wake wa chakula na lango lake, na nyingi zina kanisa lake. Mwanafunzi anaishi na kula kwenye koleji, lakini maabara na mihadhara ya sayansi iko kwenye idara, ambazo ni za chuo kizima. Nyingi za idara hizo ziko kando ya Parks Road na South Parks Road. Taasisi ya Hisabati iko Woodstock Road, katika jengo lililofunguliwa mwaka 2013 na kupewa jina la Andrew Wiles, aliyethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat, fumbo maarufu la hesabu.

Kwa hiyo soma anwani yote, pamoja na jina la jengo. Kutoka stesheni ya treni hadi katikati ya mji ni mwendo wa miguu wa robo saa hivi.

Mafundisho yalikuwa yakitolewa hapo tangu karibu mwaka 1096, na chuo kilikua haraka baada ya 1167, mfalme Henry wa Pili alipowazuia Waingereza kwenda kusoma Paris. Chuo chetu cha Lubumbashi kilifungua milango mwaka 1956. Tofauti hiyo ya miaka isikufanye ujione mdogo. Aliyeko ukumbini jioni hiyo anasikia jambo lilelile kwa mara ya kwanza pamoja nawe.

Mhadhara uko ndani ya koleji, na langoni kuna mtu amesimama. Nimwambie nini?

Huyo ni bawabu, na kwenye koleji ni mtu wa heshima kweli. Wengine wanawajua wanafunzi wote kwa majina. Msalimie, sema jina la mhadhara na la ukumbi, onyesha barua pepe ya kujiandikisha. Ukimpa salamu nzuri atakuonyesha njia hadi mlangoni. Ukipita bila kumtazama, atakuita urudi. Na usikanyage nyasi za uani. Katika koleji nyingi ni wachache wanaoruhusiwa kupita juu yake, na desturi hiyo inalindwa kwa bidii.

Nivae nini? Nitahitaji joho?

Kwa mhadhara wa hadhara, hapana. Vaa nguo safi za kawaida. Utakuta maprofesa wamevaa sweta na wanafunzi wakiwa na viatu vya mazoezi.

Picha za wanafunzi wenye majoho meusi, suti na shati jeupe ni za kweli, lakini ni mavazi ya kuandikishwa chuoni, ya mitihani na ya kutunukiwa digrii. Mwaka 2015 wanafunzi wenyewe walipiga kura kama mavazi hayo yaendelee kuwa ya lazima kwenye mitihani, na zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura wakataka yabaki. Mimi ninawaelewa. Yeyote aliyeona jinsi familia inavyosafiri kutoka Likasi au Kolwezi kuja kumwona mtoto wao akiwa ndani ya toge, joho letu, siku ya kupewa digrii anajua kwamba vazi hilo linabeba jasho la watu wengi.

Kama moyo wako unataka suti, ivae. Watu wa Lubumbashi tunavaa vizuri tunapokwenda kumsikiliza mwalimu, na hakuna anayekosewa heshima kwa hilo. Beba na koti la mvua.

Tangazo linasema saa kumi na moja jioni. Ni saa kumi na moja kweli?

Kwa desturi, mihadhara ya Oxford huanza dakika tano baada ya saa iliyotajwa. Hii inaeleweka ukijua habari ya saa ya mji. Kabla ya reli kulazimisha saa moja nchi nzima, kila mji ulifuata jua lake, na Oxford, kwa kuwa iko magharibi ya Greenwich, sehemu ya London ambayo saa ya nchi hufuata, ilikuwa nyuma kwa dakika tano na sekunde chache. Koleji ya Christ Church bado inaishika saa hiyo ya zamani kwa baadhi ya mambo yake. Kila usiku kengele yake kubwa hulia mara 101, na huanza saa tatu na dakika tano, ambayo kwa jua la Oxford ni saa tatu kamili. Hata sisi tuna tofauti ya namna hiyo: Lubumbashi iko kwenye nyuzi 27 na nusu mashariki, na saa zetu hufuata nyuzi 30, kwa hiyo jua letu liko kama dakika kumi nyuma ya saa tunazovaa mkononi.

Mhadhara wa hadhara wenye mgeni mkubwa huweza kuanza kwa saa kamili. Fika nusu saa kabla. Ukiingia umechelewa, keti nyuma kimya. Usivuke safu nzima ya watu kutafuta kiti kizuri.

Nikae wapi?

Mbele, kwenye safu ya pili au ya tatu, pembeni. Utasikia Kiingereza vizuri zaidi, utaona ubao, na mwenye kipaza sauti atakufikia haraka wakati wa maswali. Safu ya kwanza mara nyingi huwekwa kwa wageni wa heshima.

Kama mhadhara uko Sheldonian, jiandae kwa mabenchi magumu. Ukumbi huo ulijengwa kati ya 1664 na 1669, na aliyeuchora ni Christopher Wren, ambaye wakati huo alikuwa profesa wa elimu ya nyota wa Oxford. Inua macho: dari lote ni mchoro wa Ukweli ukishuka juu ya elimu na sanaa, na Ujinga ukifukuzwa.

Kiingereza changu ni kidogo. Sisi tumesoma kwa Kifaransa tangu sekondari. Nitapata nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na ndilo ninalotaka kulijibu kwa kirefu.

Mei 1931 Albert Einstein alitoa mihadhara mitatu Oxford, kwa Kijerumani. Ukumbi ulikuwa na maprofesa Waingereza ambao wengi wao hawakuijua lugha hiyo, na hesabu zake zilikuwa ngumu hata kwa walioijua. Ubao mmoja alioutumia katika mhadhara wa pili ulihifadhiwa na uko hadi leo katika makumbusho ya historia ya sayansi, Broad Street. Juu yake kuna milinganyo kuhusu ulimwengu unaotanuka: msongamano wake, ukubwa wake, umri wake. Anayejua hesabu anaweza kuusoma ubao ule bila neno moja la Kijerumani.

Hapo ndipo nguvu yako ilipo. Sehemu kubwa ya mhadhara wa sayansi huandikwa au huchorwa: grafu, fomyula, picha ya darubini, ramani. Mwanafunzi wa Polytechnique, kitivo chetu cha uhandisi, aliyekaa miaka mitano na termodinamiki anaijua grafu anapoiona. Na majina ya vitu vya sayansi kwa Kiingereza na Kifaransa yanafanana mno, kwa sababu mengi yametoka Kilatini na Kigiriki. Kinachokusumbua ni maneno madogo yanayounganisha, mizaha ya msemaji, na kasi.

Fanya hivi. Wiki moja kabla, tafuta muhtasari wa mhadhara na uusome mpaka kila neno liwe wazi. Tafuta mhadhara mwingine wa mtu huyohuyo kwenye YouTube, uweke maandishi ya chini, usikilize mara mbili. Wanasayansi hurudia mifano yao, na masikio yako yatakuwa yameizoea sauti yake. Ukumbini andika kwa lugha yoyote inayokuja haraka. Madaftari mengi ya Lubumbashi yana Kifaransa, Kiswahili na alama za hesabu kwenye mstari mmoja, na yamewafikisha watu mbali.

Na sayansi yenyewe je, ikiwa si fani yangu?

Chagua jambo moja tu unalotaka kulielewa kabla ya kutoka, uliandike juu ya ukurasa. Mengine yakikupita, yapite. Mhadhara wa saa moja hauwezi kukufundisha fani. Unaweza kukuonyesha ni swali gani linamkosesha usingizi mtu aliyeisoma fani hiyo miaka 40.

Ninaweza kuuliza swali mbele ya watu wote?

Ndiyo. Ukiniuliza ni kitu gani hasa kinafaa safari yote hiyo, nitasema ni dakika 15 za mwisho. Mhadhara wenyewe utaurudia kwenye video. Nafasi ya kuuliza hairudi.

Sayansi ya Oxford imekua kwa watu kubishana hadharani. Tarehe 30 Juni 1860, katika makumbusho mapya ya elimu ya viumbe, ukumbi ulijaa watu waliokuja kusikia mabishano juu ya nadharia ya Darwin ya mabadiliko ya viumbe, iliyokuwa na miezi saba tu tangu ichapishwe. Askofu wa Oxford, Samuel Wilberforce, aliipinga. Wanasayansi Thomas Huxley na Joseph Hooker wakaitetea. Mwaka 1893 Huxley huyohuyo aliitwa Oxford kutoa mhadhara wa Romanes. Hawakumfungia mlango kwa sababu aliwahi kumjibu askofu.

Kwetu mwanafunzi hukaa kimya kwa heshima, halafu humfuata asistenti pembeni. Heshima hiyo ni nzuri na sitaki uiache. Lakini Oxford mwalimu hupima kama amesikilizwa kwa maswali anayopata. Ukimya wa ukumbi humhuzunisha.

Swali lako lisizidi sentensi mbili. Taja jina lako na unakotoka, uliza, nyamaza. Usihutubie, usishukuru kwa dakika nzima, usiulize mambo matatu kwa pamoja. Liandike kabla ya kuja, lirekebishe wakati wa mhadhara, na ulisome kutoka kwenye karatasi kama ulimi unakuwa mzito. Wenyeji nao husoma.

Nitauliza nini mimi, mtu wa Lubumbashi, ambacho hawakijui?

Kuna mambo ambayo umeyaona kwa macho na wao wameyasoma tu.

Chukua betri. Mwaka 1980, katika maabara ya kemia ya Oxford kwenye South Parks Road, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya kobalti yenye lithiamu inaweza kuwa upande chanya wa betri na kutoa volti nne, karibu mara mbili ya zile zilizotangulia. Mwaka 1991 betri za aina hiyo zikaingia sokoni, na simu iliyo mfukoni mwako imetokana na kazi hiyo. Goodenough alipata Nobel ya kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97, mtu mzee kuliko wote waliowahi kuipata. Ukutani mwa maabara kuna kibao cha kumbukumbu ya kazi ile. Kobalti hiyo inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, nyingi kutoka Kolwezi na maeneo yetu. Mwanafunzi anayesikiliza mhadhara wa betri anaweza kuuliza: "Betri za chuma na fosfati hazina kobalti kabisa, ni kazi gani ambayo kobalti bado haina mbadala, na kwa nini?" Swali hilo ni la kemia safi, na jibu lake linagusa mishahara ya maelfu ya familia. Msemaji atalichukua kwa uzito.

Chukua na urani. Katika maabara ya Clarendon mwaka 1940, Francis Simon, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler, alipiga hesabu na kufanya majaribio kuonyesha kwamba urani 235, ile inayofaa kwa bomu, ambayo ni asilimia 0.7 tu ya urani ya asili, inaweza kutenganishwa kwa kupitisha gesi kwenye vitundu vidogo mno. Mwaka mmoja kabla, katika barua aliyoitia sahihi tarehe 2 Agosti 1939, Einstein alimwambia rais wa Marekani kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani ni Kongo ya Wabelgiji. Alimaanisha Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mawe hayo yalichimbwa na mikono ya watu wa kwetu, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilitoka humo. Anayezungumza juu ya fizikia ya nyuklia Oxford anastahili kuulizwa vumbi la madini yale limeacha nini kwenye udongo na maji, na lipimwe vipi.

Usiulize kwa hasira wala kwa kuomba. Uliza kama mtaalamu wa mahali.

Nimwiteje msemaji?

"Professor" na jina la ukoo. Kwetu tunapanga ngazi: asistenti, chef de travaux, profesa mshiriki, profesa, profesa wa kawaida (professeur ordinaire, ngazi ya juu), na Rekta tunamwita Mtukufu. Huko watu wengi wanaofundisha ni "Doctor" tu, kwa hiyo angalia tangazo. Aliyepewa heshima na mfalme au malkia huitwa "Sir" au "Dame" pamoja na jina lake la kwanza: Sir Roger, si Sir Penrose. Baada ya mhadhara utasikia wanafunzi wakimwita profesa wao kwa jina lake la kwanza bila cheo. Hulazimiki kuwafuata.

Ninaweza kupiga picha naye?

Wakati wa mhadhara, hapana, isipokuwa ubao au skrini kama mwenyekiti ameruhusu. Baadaye omba. Uliza swali lako la sayansi kwanza, picha iwe ya pili.

Nimealikwa chakula cha jioni koleji baada ya mhadhara. Kuna nini huko?

Kubali. Hapa ndipo desturi ni nyingi: uliza aliyekualika kuhusu mavazi, kwa sababu koleji nyingine huvaa joho mezani. Watu husimama hadi sala ya Kilatini iishe, na walimu hukaa kwenye meza yao kuu mbele ya ukumbi. Zungumza na wa kulia kwako na wa kushoto pia. Kama hunywi pombe, sema hapana mara moja, na hakuna atakayekusukuma. Usimtungie swali zito mtu anayetafuna.

Nina viza ya Schengen kwa sababu ninasoma Brussels. Inatosha?

Haitoshi. Viza ya Schengen haikuingizi Uingereza, na mwenye pasipoti ya Kongo anahitaji viza ya Uingereza hata kwa siku moja. Barua ya kukubaliwa kwenye mhadhara si viza. Anza kuomba mapema, ukiwa na ushahidi wa masomo yako na wa nani anakulipia. Usinunue tiketi kwanza.

Kutoka London kuna mabasi yanayoondoka Victoria na treni kutoka Paddington. Treni ya haraka huchukua saa moja hivi. Tiketi ya treni ikinunuliwa mapema hupungua bei sana.

Siwezi kusafiri. Nitafuatiliaje nikiwa Lubumbashi?

Mihadhara mingi ya hadhara ya Taasisi ya Hisabati huonyeshwa moja kwa moja na kubaki YouTube. Zingatia saa. Lubumbashi haibadilishi saa, Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mhadhara wa saa kumi na moja jioni Oxford ni saa moja usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi chao.

Kuhusu mega, yaani data ya simu: shusha ubora wa picha hadi 240, sauti itabaki nzuri. Kama mtandao unakatika, usipigane na matangazo ya moja kwa moja. Subiri video, ipakue usiku sehemu yenye mtandao mzuri, na uwape wenzako kwa simu hadi simu. Jaza betri mchana, kwa sababu umeme hukatika saa hizohizo watu wanaporudi nyumbani. Watu wanne kwenye kompyuta moja ni bora kuliko mmoja peke yake na simu: simamisheni video kila dakika kumi, mmoja aeleze alichoelewa, wengine wamsahihishe.

Nina siku moja tu Oxford. Nione nini kabla ya mhadhara?

Ubao wa Einstein, bure, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1683 kama makumbusho. Halafu makumbusho ya elimu ya viumbe, Parks Road, bure pia: pale palipobishaniwa 1860. Mwanafunzi wa jiolojia atakaa humo muda mrefu, kwa sababu nguzo zinazouzunguka ukumbi mkuu zimechongwa kila moja kutoka aina tofauti ya jiwe la visiwa vya Uingereza. Mwishoni pita Taasisi ya Hisabati uone sakafu ya mlangoni, vigae vya aina mbili vilivyopangwa kwa mpango wa Penrose ambao haujirudii kamwe.

Vipi Leuven au Paris? Huko wanaongea Kifaransa.

Paris inastahili ukurasa wake. Collège de France, iliyoanzishwa na mfalme François wa Kwanza mwaka 1530, haitoi digrii yoyote. Kazi yake ni kufundisha mbele ya yeyote anayekuja. Hakuna ada wala kujiandikisha: unaingia, unaketi. Mihadhara mingi imewekwa kwenye tovuti yake kwa Kifaransa, bure, na kwa mtu wa Lubumbashi mwenye mega chache ninaona hiyo ni hazina kubwa kuliko zote nilizotaja.

Leuven ilianzishwa mwaka 1425, na ndiyo iliyozaa chuo kikuu cha Lovanium cha Kinshasa mwaka 1954. Padri Georges Lemaître, aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alifundisha hapo. Lakini chuo kiligawanyika baada ya 1968: kilichobaki mji wa Leuven kinatumia Kiholanzi na Kiingereza, na wa Kifaransa wako Louvain-la-Neuve. Hakikisha unapanda treni ya mji sahihi.

Ninaweza kumwandikia msemaji baadaye?

Ndiyo, na wengi hujibu. Andika ndani ya wiki moja. Kwenye kichwa cha barua weka jina la mhadhara na tarehe. Ndani, sentensi moja kusema wewe ni nani, moja kusema ni jambo gani hukulielewa, kisha swali lenyewe. Usiambatanishe wasifu wako wala kuomba ufadhili katika barua hiyo ya kwanza. Kama umekusanya maswali ya promosheni yako yote, wanafunzi wa mwaka wako, huko Kasapa, chagua moja lililo bora, na umtaje kwa jina mwanafunzi aliyeliuliza.